Nusu ya Kidonge: Nuru, Molekuli na Kichocho cha Ziwa Victoria

Mhadhara kwa walimu wa sayansi, wanafunzi na wakazi wa Mwanza



Kidonge cha dawa ya kichocho mnakijua. Ni kikubwa, cheupe, kirefu, na uchungu wake anaujua vizuri yule aliyechelewa kukimeza kikaanza kumumunyuka ulimini. Ndani yake mna miligramu 600 za dawa iitwayo prazikwanteli. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu kuhusu kidonge hicho. Miligramu 300 zinaua minyoo. Miligramu 300 nyingine karibu haziwagusi kabisa, na zaidi ya hapo, ndizo zenye uchungu mkali zaidi.

Msidhani ni utapeli wa kiwandani. Zile nusu mbili zina atomi zile zile, zilizoshikana kwa mfuatano ule ule: kaboni 19, hidrojeni 24, naitrojeni 2 na oksijeni 2. Uzito wao ni mmoja. Kila moja ukiitenga na kuichemsha, kuiyeyusha au kuichoma, itafanya lile lile linalofanywa na mwenzake. Maabara ya kawaida haiwezi kuzitofautisha. Nuru inaweza, na minyoo inaweza, na ulimi wa mtoto wa miaka mitatu unaweza. Namna hao watatu wanavyoweza ndiyo mada yetu.

Lakini tuanze na ziwa, maana bila ziwa mada hii ingebaki ya vitabuni. Katika ufuko wetu, kichocho kilichoenea ni kile cha tumbo, kinachosababishwa na Schistosoma mansoni. Minyoo hawa hukulia kwanza ndani ya konokono wa jamii ya Biomphalaria, wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, penye matete na magugu maji. Ukiuacha ufuko ukaingia ndani Usukumani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, unakutana na ndugu yake, kichocho cha mkojo, kinachobebwa na konokono wengine wa jamii ya Bulinus. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, hapa Mwanza na wa Chuo Kikuu cha Bugando wamekuwa wakifuatilia maradhi haya kwa miaka mingi, hadi visiwani kama Ijinga, wilayani Magu. Wanaoupata ugonjwa ni wale wanaogusa maji: mvuvi anayesukuma mtumbwi, mchuuzi wa dagaa anayesubiri mzigo mwaloni akiwa ndani ya maji hadi magotini, mama anayefua, na mtoto anayeogeshwa kwenye beseni la maji yaliyotekwa ziwani dakika chache zilizopita. Huyo wa mwisho anaweza kuambukizwa kabla hajajua kutembea.

Kampeni za kugawa dawa shuleni zinawafikia watoto wa miaka 5 hadi 14. Mtoto husimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, fimbo inasema vidonge vingapi, anameza, anarudi darasani. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mdogo wake aliyebaki nyumbani hapati kitu. Inakadiriwa kuwa duniani watoto wapatao milioni 50 walio chini ya umri wa shule wanaihitaji dawa hii, na kwa miongo minne hakukuwa na ya kwao. Ilibidi kidonge cha mtu mzima kipondwe na kukorogwa kwenye maji au juisi, na kikipondwa uchungu wote unatoka nje. Mtoto anatema, mama anaona aibu, muuguzi anaandika kwamba dawa imetolewa.

Sasa tuingie kwenye nuru.

Jioni, jua likiwa limelala juu ya ziwa, maji hung'aa kiasi kwamba huoni kilichomo chini hata kama kina ni cha futi mbili. Ukivaa miwani ya jua yenye kichujio cha polaroidi, ule mng'ao hupungua na mawe ya chini yanaonekana. Sababu yake iligunduliwa Paris mwaka 1808, na Étienne-Louis Malus, aliyekuwa akitazama kupitia fuwele nuru ya jua iliyokuwa ikiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Nuru ni mtikisiko. Nuru inayotoka kwenye jua hutikisika kila upande: juu na chini, kushoto na kulia, na kimshazari. Ikigonga maji au kioo na kuruka, sehemu kubwa ya mtikisiko uliobaki ni ule wa kulala. Kichujio cha miwani kinapitisha mtikisiko wa kusimama tu, basi ule wa kulala unakwama. Nuru ambayo imebakiwa na upande mmoja wa mtikisiko nitaiita leo nuru iliyochujwa.

Miaka michache baadaye Wafaransa wengine wawili walikuta jambo la ajabu zaidi. François Arago, mwaka 1811, aliona kwamba nuru iliyochujwa ikipita katika kipande cha fuwele ya kwatzi hutoka ikiwa imegeuka upande: iliyoingia imesimama inatoka imeinama. Kwa fuwele mtu angeweza kusema ni mpangilio wa jiwe. Jean-Baptiste Biot, mwaka 1815, aliona jambo lile lile kwenye vimiminika, mafuta ya tapentaini yakiwa mojawapo, kisha akaenda kupima hata mvuke wa tapentaini, na mvuke nao ukageuza nuru. Mvuke hauna mpangilio wowote; molekuli zake zinaruka ovyo. Kwa hiyo kinachoigeuza nuru kimo ndani ya kila molekuli moja moja. Hitimisho hilo Biot alilifikia wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyejua molekuli ina umbo gani, na wapo wanakemia waliokuwa bado wakitilia shaka kama atomi zipo kweli. Mimi huwahesabu watu wa namna hiyo kuwa mashujaa kuliko wale wanaopewa sanamu.

Chombo cha kupimia kinaitwa polarimeta, na si cha kutisha. Kuna taa ya rangi moja, kwa kawaida njano ya sodiamu. Kuna kichujio cha kwanza. Kuna mrija wenye myeyusho unaoupima. Kuna kichujio cha pili, kilichofungwa kwenye duara la nyuzi 360: kwanza kinakingamana na cha kwanza hadi giza, na mrija ukiwekwa nuru inapenya, nawe unakizungusha mpaka giza lirudi. Nyuzi ulizozungusha ndizo nyuzi ambazo molekuli zimeigeuza nuru. Zikienda kulia tunaandika alama ya kujumlisha, zikienda kushoto tunaandika ya kutoa. Kadiri mrija ulivyo mrefu na myeyusho ulivyo mzito, ndivyo nuru inavyogeuka zaidi, kwa hiyo tunagawanya kwa urefu na kwa uzito ili kila dutu ibaki na namba yake ya kudumu. Namba ya sukari ya miwa ni kujumlisha 66.5. Chukua gramu 10 za sukari, ziyeyushe kwenye maji hadi mililita 100, jaza mrija wa sentimita 20: utasoma nyuzi 13.3. Ukisoma 12 badala yake, sukari uliyouziwa ina kitu kingine.

Hesabu hiyo ndogo inaendesha biashara kubwa. Ng'ambo ya ziwa, Kagera Sugar kule Missenyi, na Kilombero, na TPC Moshi, kiwango cha sukari kwenye juisi ya muwa hujulikana kwa kuipitishia nuru iliyochujwa. Wenyewe husema tu "pol". Mkulima wa nje anayeuza miwa yake na kulipwa kwa kiwango cha sukari kilichomo, analipwa kwa neno la polarimeta, hata kama hajawahi kuiona. Na asali ya Tabora inayoletwa sokoni hapa nayo ina siri yake. Nyuki huivunja sukari ya maua ikawa glukosi, inayogeuza nuru kulia kwa 52.7, na fruktosi, inayoigeuza kushoto kwa karibu 92. Fruktosi inashinda, kwa hiyo asali halisi ya maua hugeuza nuru kushoto. Mchuuzi akiongeza sukari ya dukani, kipimo kinavutwa kuelekea kulia. Ulimi wake unaweza kusema lolote.

Nirudi Paris, mwaka 1848. Louis Pasteur alikuwa na miaka 25, bado hajaanza habari za vijidudu na chanjo. Alikuwa akichezea asidi ya tataria, ile inayoganda kwenye mapipa ya mvinyo. Kulikuwa na kitendawili kilichowasumbua wakubwa zake: asidi ya kawaida ya mvinyo huigeuza nuru kulia, ila kulikuwa na nyingine, kutoka kiwanda kimoja cha Alsace, yenye atomi zile zile, isiyogeuza nuru hata kidogo. Pasteur aliifanya ile ya pili iwe chumvi ya sodiamu na amonia, akaacha fuwele zikue, akazikagua kwa lenzi. Zilikuwa za aina mbili. Kwenye baadhi, kile kiuso kidogo cha pembeni kilielekea kulia. Kwenye nyingine, kushoto. Akakaa na kibanio akazichambua moja moja kama mtu anayechambua mchele, akatengeneza marundo mawili, akayeyusha kila rundo peke yake. Moja likageuza nuru kulia. La pili likaigeuza kushoto, kwa nyuzi zile zile. Ile asidi isiyofanya kitu ilikuwa na pande mbili zinazofutana.

Biot, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 74, hakuamini. Alimwita kijana nyumbani kwake, akampa asidi yake mwenyewe na kemikali zake mwenyewe, akamtaka afanye kila kitu mbele ya macho yake. Fuwele zikakua, Pasteur akazichambua, na mzee akapima lile rundo la kushoto ambalo dunia ilikuwa haijawahi kuliona. Lilipogeuza nuru kushoto, mzee aliguswa sana moyoni. Nasimulia hili kwa ajili ya wanafunzi: hivyo ndivyo mwanasayansi anavyomsadiki mwenzake, kwa kumwambia rudia hapa nikiona.

Kuna kipengele cha hadithi hii ambacho vitabu vyetu vya shule hukiruka, na kwa mtu wa Mwanza ni muhimu. Chumvi ile hutengana katika fuwele za kulia na za kushoto ikiwa tu inaganda kwenye baridi ya chini ya takriban nyuzi 27 za Selsiasi. Joto likipita hapo, pande zote mbili hujifunga pamoja ndani ya kila fuwele na hakuna cha kuchambua. Paris ilimsaidia. Mchana wetu hapa hufika nyuzi 28. Mwalimu atakayetaka kulirudia jaribio hili na darasa lake aliweke usiku, au kwenye jokofu.

Maelezo ya umbo yalikuja mwaka 1874, kutoka kwa vijana wawili wasioshirikiana, Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel. Walisema: kaboni ina mikono minne, na mikono hiyo haikulala bapa kama inavyochorwa ubaoni, bali imeelekea pembe nne za piramidi. Ikishika vitu vinne visivyofanana, kuna namna mbili za kuvipanga, na namna moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Tazameni ndala mlizovaa. Ya kulia na ya kushoto ni mpira ule ule, uzito ule ule, kanda ile ile, na bado huwezi kuzilaza moja juu ya nyingine zikalingana kila kitu. Ukiziweka mezani hakuna iliyo bora. Tofauti inajitokeza mguu unapoingia, kwa kuwa mguu nao una upande. Hali hiyo ya kuwa na upande wanakemia wanaiita kairaliti, na kila mmoja wa wale mapacha wawili ni enantioma. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kama ile asidi ya Alsace, unaitwa rasemati.

Van 't Hoff alitukanwa kwa hilo. Hermann Kolbe, mmoja wa wakuu wa kemia ya Ujerumani, aliandika kwa dharau kuhusu huyu kijana wa chuo cha mifugo anayeota atomi angani. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia ilikwenda kwa van 't Hoff, japo kwa kazi nyingine.

Mguu una upande, nimesema. Mwili wa kiumbe hai una upande kila mahali. Protini zetu zote zimejengwa kwa amino asidi za upande mmoja, na sukari zetu kwa upande mmoja. Pasteur mwenyewe alilishuhudia: kuvu iliyoota kwenye myeyusho wa rasemati ilikula tataria ya kulia na kuiacha ya kushoto. Pua zetu hufanya vivyo hivyo. Molekuli iitwayo kavoni, ikiwa ya upande mmoja, hunukia nanaa. Pacha wake hunukia kisibiti. Mapishi ya pwani yamejaa ushahidi wa kairaliti. Na ipo thalidomidi, dawa ya usingizi iliyouzwa Ulaya kuanzia 1957 hadi 1961 na kuacha watoto zaidi ya 10,000 wakiwa na viungo visivyokamilika. Watu husema kwamba kama wangeuza upande mmoja tu ajali isingetokea. Si kweli. Pande za thalidomidi hugeukana zenyewe ndani ya damu. Ukimeza mmoja unapata wote. Prazikwanteli haina tabia hiyo, na ndiyo maana kuitenganisha kuna maana.

Prazikwanteli ilizaliwa Ujerumani mapema miaka ya 1970. Wanakemia wa Merck kule Darmstadt walitengeneza kundi la molekuli wakitafuta dawa za kutuliza akili. Bayer wakazijaribu kwa minyoo, na hiyo moja ikawa hazina. Kati ya kaboni zake 19, moja tu ina upande. Kiwandani, unapoijenga kaboni hiyo kwa njia ya kawaida, hakuna kinachoielekeza kulia wala kushoto, kwa hiyo unapata nusu kwa nusu. Kuzitenga kungehitaji hatua za ziada, na hatua ni pesa. Kampuni ya Korea, Shin Poong, ilipobuni njia nyepesi zaidi ya kuitengeneza, bei ilishuka hadi matibabu ya mtoto yakawa senti chache za dola. Tangu mwaka 2007 Merck imekuwa ikitoa vidonge bure kupitia Shirika la Afya Duniani, na ahadi yake ilifika vidonge milioni 250 kwa mwaka. Mnajua maana yake? Karibu nusu ya shehena hiyo, tani kwa tani, ni molekuli zisizoua mnyoo.

Upande unaoua unaitwa R. Tahadhari hapa, wanafunzi wa kidato cha sita: R haimaanishi kwamba unageuza nuru kulia. Herufi R na S zinatokana na kanuni za Cahn, Ingold na Prelog za kupanga vitu vinne kuzunguka kaboni. Mwelekeo wa nuru unapatikana kwa kupima tu. R-prazikwanteli huigeuza nuru kushoto. Ndiyo maana maandiko mengine huiita L, kwa maana ya kushoto. Swali hili limewaangusha wengi kwenye mtihani.

Kwa nini mnyoo anautambua upande? Mwaka 2019 maabara ya Jonathan Marchant, Marekani, ilipata mlango kwenye ngozi ya chembe za mnyoo wa kichocho, protini ya jamii ya TRPM, ambao prazikwanteli huufungua. Kalsiamu inamiminika ndani, misuli ya mnyoo inakakamaa, ngozi yake inachanika, na kinga ya mwili wa mgonjwa inamalizia kazi. Kishimo cha mlango huo kinaipokea R kwa urahisi. S inahitaji wingi mkubwa zaidi ili kuutikisa. Vipokezi vya uchungu ulimini vina ladha yao wenyewe. Mwaka 2009 ilichapishwa tathmini ya waonjaji waliozoezwa, na matokeo yalikuwa wazi: S ni chungu kupita R. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akitema dawa alikuwa akitema hasa ile nusu ambayo hakuihitaji.

Basi itengwe. Lakini kwa njia gani, na kwa bei nafuu? Hapa ndipo napenda historia ya kemia inavyojizungusha. Dawa ya kwanza kabisa iliyotibu kichocho ilikuwa sindano ya mshipani ya antimoni, aliyoitangaza J. B. Christopherson wa Khartoum mwaka 1918. Antimoni ile ilikuwa imefungwa kwenye asidi ya tataria, ile ile ya Pasteur. Ilikuwa dawa kali, ya kutapisha, yenye kudhuru moyo, na wagonjwa waliichukia. Karibu karne nzima baadaye, Matthew Todd wa Chuo Kikuu cha Sydney aliliweka tatizo la prazikwanteli hadharani kwenye intaneti, kila jaribio likionekana na yeyote, akaomba msaada wa dunia. Wanakemia wa vyuo na wa viwanda wakachangia. Mwaka 2011 wakachapisha njia: kata prazikwanteli ibaki na kiini chake, kiunganishe na asidi itokanayo na tataria ya upande mmoja, na chumvi ya R inaganda huku ya S ikibaki kwenye kimiminika. Kisha unairudishia R sehemu uliyoikata. Tataria haikuwa tena mzigo wa antimoni. Sasa ni upande wake uliokuwa ukitumika. Wakati Pasteur alihitaji kibanio na subira, hapa upande mmoja unauchambua mwingine.

Kutoka hapo kazi ikawa ya muungano ulioundwa 2012 kwa ajili ya prazikwanteli ya watoto, Merck na Astellas ya Japani wakiwemo, pamoja na taasisi za utafiti. Tanzania ilikuwamo. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara iliwaonjesha watoto wa miaka 6 hadi 11 vidonge vipya vinavyoyeyuka mdomoni, vya R peke yake na vya mchanganyiko, pamoja na kidonge cha zamani. Vipya vilikubalika zaidi. Haikuwa pipi, msidanganywe. R nayo ina uchungu wake, lakini ni wa kuvumilika.

Kisha mwili ukawakumbusha wanakemia kwamba hawauamrishi. Hesabu ya darasani ingesema: kama nusu tu ndiyo inafanya kazi, basi toa nusu ya dozi, miligramu 20 badala ya 40. Haikuwa hivyo. Dawa mpya ilifyonzwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na kwa watoto wadogo ikabidi dozi ya kichocho cha tumbo iwe miligramu 50 kwa kilo, zote za R. Hiyo ni mara mbili na nusu ya R iliyomo kwenye dozi ya zamani. Kwa hiyo faida ya kuitenga haikuwa kupunguza dawa. Faida ilikuwa ladha, na kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji.

Majaribio ya mwisho yalifanyika Côte d'Ivoire na Homa Bay, Kenya, ufuko ule ule wa ziwa letu, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Waliopona walikaribia asilimia 90. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali, na Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha. Jina lake ni arprazikwanteli. Mwaka 2025 watoto wa Uganda wakaanza kupewa dawa hiyo.

Nimeulizwa mara nyingi: je, si uonevu kuwapa watoto wa shule nusu ya kidonge isiyo na kazi? Jibu langu ni hapana, na sitalipamba. Mchanganyiko wa senti chache unaomfikia kila mwanafunzi wa Sengerema na Ukerewe unashinda dawa safi inayobaki ghalani Dar es Salaam. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kumeza uchungu. Wa miaka miwili hawezi, na kwake upande wa molekuli ndio unaoamua kama dawa itashuka kooni. Wala dawa yoyote, ya R au ya mchanganyiko, haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini, na mialo mingi haina vyoo vya kutosha. Hilo ni suala la halmashauri, si la kaboni.

Nina ombi kwa walimu. Mada hii hufundishwa kwa kuchora mishale ubaoni na kukaririsha ufafanuzi, na kisingizio ni kwamba shule haina polarimeta. Chukueni kompyuta mpakato yenye kioo cha LCD. Nuru inayotoka kwenye kioo hicho tayari imechujwa. Wekeni mbele yake bilauri pana ya shira nzito ya sukari, kama gramu 60 kwa kila mililita 100, yenye unene wa sentimita 10. Tazameni kupitia miwani ya polaroidi huku mkiizungusha. Nuru itakuwa imegeuka kwa takriban nyuzi 40, na kwa kuwa buluu hugeuka zaidi kuliko nyekundu, shira itabadilika rangi mbele ya macho ya darasa. Gharama ni kilo ya sukari, na mnaweza kuinywea chai baadaye.

Na nina neno kwa wale watakaokagua dawa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina maabara hapa hapa Mwanza. Arprazikwanteli ikianza kuingia kwa wingi, patakuwa na kishawishi cha kuchukua mchanganyiko wa bei rahisi, kuuponda, kuutia ladha na kuuweka kwenye pakiti ya watoto. Kipimo cha kawaida cha kiasi cha dawa kitasema yote ni sawa, kwa kuwa atomi ni zile zile. Iyeyusheni, ijazeni kwenye mrija, mzungushe kichujio. Dawa ya watoto lazima igeuze nuru kushoto. Ikisoma sifuri, si yenyewe, na shehena hiyo isivuke geti.